Moto Mbele ya Nyumba ya Mama

Liège, Jumapili, mvua tangu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Eyo vidye. Nakuamkia kwa makofi ya heshima kama ulivyotufundisha, ingawa hapa nilipo jirani akinisikia atadhani naita mbwa.

Hujambo, Mama? Najua barua zote huanza hivyo na hakuna anayengoja jibu. Safari hii mimi nangoja. U mzima? Unakula? Goti lako bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa? Kama unaisoma barua hii mwenyewe, kwa ile miwani uliyoifunga uzi, basi namshukuru Mungu kwa hilo moja. Tante Béa aliniambia kwa simu kutoka Lubumbashi kwamba walikupata kwenye redio ya foni ya kanisa, ukafoka mbele ya watu wote: “Mwambieni Ngoie minyi niko! Nani alisema siko?” Nilicheka, Mama. Nilicheka nikiwa nimeshika simu ya dukani kwa mikono miwili, halafu nikalia mpaka mwenye duka akanionea huruma.

Barua hii ni jibu la swali lako. Nitakueleza nani alisema haupo. Lakini kuna jambo linalotangulia, na nakujua, wewe hupenda kuruka mistari ukasome mwisho kwanza, kwa hiyo nalisema hapa hapa juu. Mwanao Kasongo ameondoka Lusaka kuja kukuzika. Kwako hajafika, nami sijui yuko wapi. Basi, nimelisema. Mkono wangu umekuwa mzito juu ya sentensi hiyo tangu nilipotoka kanisani. Kaa chini sasa, nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimepewa shamba lisilo na udongo? Ulinijibu niache utani, nitafute mume. Haukuwa utani. Kwenye shule ya jioni ninapofanya usafi, mwalimu wa kompyuta aliniruhusu nikae nyuma ya darasa nikimaliza kupiga deki. Hapo ndipo nilipoona ule ulimwengu. Ni kitu kilicho ndani ya kompyuta, Mama. Unaiunga mashine na waya wa simu, unaona njia, nyumba, miti, hata mawingu. Unapewa mwili wa kuazima na unautembeza kwa vidole. Mtu mwingine aliye Kanada au Lusaka anawasha mashine yake naye, mnakutana njiani, mnaandikiana, na maneno yenu yanatokea juu ya vichwa vyenu. Kampuni yenye kitu hicho mimi naiita Wenye Ulimwengu. Nakusikia ukisema Mwenye ulimwengu ni mmoja tu. Huyo simwongelei leo. Mimi na yeye tuna maneno yetu.

Wenye Ulimwengu walikuwa wanagawa maeneo. Hawauzi: wanatoa leseni ya miaka miwili kwa mtu atakayeeleza anataka kujenga nini, na kuahidi kupaangalia mahali pake. Mwenye leseni ana mamlaka. Anapaita jina analotaka, anajenga, anabomoa, anawapa wengine ruhusa ya kujenga, anawatoa nje wakorofi. Niliandika kwamba nataka kujenga Kamina, mji wetu. Penye kuchagua nchi nilichagua Zaïre, maana hiyo ndiyo nchi iliyokuwapo wakati ule, na ndiyo iliyo kwenye pasipoti yangu. Wakakubali. Mimi, ambaye Kamina yenyewe sina hata mahali pa kufungia mbuzi, nikawa chifu bila kumpelekea mtu kuku.

Mama, nilijenga kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu nifike nchi hii. Wekundu wa udongo wetu haukuwamo. Kulikuwa na kahawia, na kulikuwa na rangi ya nyanya za kopo. Nikachukua ya nyanya. Nilisimamisha stesheni, tangi kubwa la maji la reli, barabara ya kwenda base ya jeshi, kanisa na kengele yake. Mwisho nikajenga nyumba yetu: matofali, bati, lile dirisha ambalo Papa aliliziba kwa ubao akisema atalitengeneza kesho, na jiko nyuma, mahali pake. Mbele ya mlango niliweka kiti chako, kile cha chuma ulichokisuka kwa kamba za kijani, kikitazama reli, kama unavyokaa ukisahihisha madaftari ya wanafunzi. Wewe mwenyewe sikukujenga. Nilijaribu, ukatoka kama askari wa barabarani. Nikakiacha kiti kikae peke yake.

Watu wa kwetu wakaanza kuja. Mmoja alimwambia mwingine, mmoja wa Paris, mwingine wa Montréal, wengine wa Johannesburg. Wa kwanza alikuwa Bosco, yule mtoto wa askari wa base ambaye ulimfundisha kusoma na aliyekuwa anakula kwetu kila mama yake akisafiri kununua samaki. Sasa ni mtu mzima, analinda duka Paris, na bado anabishana. Alikuja akaniambia soko nimeliweka upande mbaya. Tulibishana juu ya soko mpaka watu wakasimama kutazama, na nilijisikia niko nyumbani kabisa.

Na Kasongo. Unajua alivyokimbilia Lusaka vijana walipoanza kutafutwa mitaani wapelekwe jeshini. Huko alipata kazi kwa fundi wa kompyuta, na fundi huyo alikuwa na waya wa simu. Basi kila wiki anakuja kwenye Kamina yangu, anapita moja kwa moja njia ya stesheni, anakikalia kiti chako. Mimi naye maneno yetu yalikuwa yale yale.

“Weye, toka kwa kiti ya mama!”

“Minyi niko nachunga kiti. Mama alienda ku soko.”

“Soko gani? Toka!”

“Ile soko Bosco anasema iko upande mubaya. Njo maana mama anachelewa kurudia.”

Alikuwa ananichekesha huyo mtoto. Nasema alikuwa. Ona, kalamu yangu yenyewe imeanza kunisaliti.

Vita vilipoanza tena, lile eneo halikuwa mchezo tena. Simu za Kamina zilikatika, barua hazikwenda, na kila aliyepata habari kidogo aliileta pale. Nani kahama, treni gani imefika, wageni wenye silaha wamejaa wapi. Na habari za vifo. Wa kwanza alikuwa mzee wa kwaya, mwenye ile sauti nzito. Mwanawe yuko Montréal, hawezi kurudi, akaniomba mimi chifu wa uongo: tufanye kilio. Ningemwambiaje hapana? Wewe unajua, Mama, ila hapa imenibidi kuwaeleza watu wengi mpaka ulimi umechoka: kwetu moto wa kupikia uko nyuma, jikoni, moto ukiwashwa mbele ya nyumba, kuna mtu amekufa ndani. Basi nikatengeneza moto, wenye magogo na moshi, nikauweka mbele ya nyumba ya yule mzee. Watu wakaja kutoka kila nchi wakasimama kuuzunguka. Wengine waliimba kwa kuandika maneno ya nyimbo. Mwisho wa matanga nikauondoa. Baada ya huyo wakafuata wengine. Pale kwetu ikawa desturi: ukiingia unatupa macho barabarani kwanza uone kama kuna moto, na uko mbele ya nyumba ya nani.

Sasa leseni. Miaka miwili ilipokwisha nilitakiwa kuomba upya. Nikafungua orodha ya nchi: Zaïre haimo. Nikachagua Congo, ile yetu, maana ziko mbili na watu wa huku wanazichanganya. Wenye Ulimwengu wakajibu kwa adabu kabisa: mwenye leseni ni mtu wa Zaïre, mwombaji ni mtu wa Congo, tafadhali thibitisha kwamba ni mtu mmoja. Nikawatumia pasipoti. Wakajibu kwamba pasipoti inasema Zaïre, na nchi hiyo haipo. Nikawaandikia kwamba nchi ipo, watu wamo, mama yangu yumo, ni jina tu lililobadilishwa. Wakasema wataangalia. Pasipoti mpya sina, na kuipata katika wakati huu unajua mwenyewe ilivyo. Na wakati wao wanaangalia, wakalisimamisha eneo langu. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuingia na kutoka, ila hakuna wa kujenga wala kubomoa chochote, hata mimi. Kila kitu kikabaki kama kilivyokuwa saa ile.

Na saa ile, Mama, kulikuwa na moto mbele ya nyumba yako.

Aliyeuweka ni mama mmoja wa Kanada, jina lake Odile. Eneo lake la theluji linapakana na langu, na nilimpa ruhusa ya kujenga kwetu kwa sababu ndiye aliyenionyesha namna ya kusimamisha tangi la maji. Ni mtu mwema, nataka uelewe hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe kuna siku siwezi kuelewa. Alikuwa ametuona mara nyingi tumekaa kwenye moto, watu wengi, tukiongea na kuimba. Akadhani ndiyo raha yetu. Kwao moto mbele ya nyumba ni kusema karibu, njoo uote. Siku ya mwisho, kabla ya eneo kusimamishwa, alipita akaona kiti chako kiko peke yake, akakionea huruma. Akachukua ule ule moto wetu akauweka mbele ya kiti, zawadi.

Nilipoingia nikauona, nilipiga ukelele darasani mpaka mwalimu akaja mbio akidhani umeme umenipiga. Nikabonyeza kuuondoa. Ikatoka sentensi moja: Huna mamlaka katika eneo hili. Nikabonyeza tena. Huna mamlaka katika eneo hili. Kwenye kiwanja cha mama yangu, Mama! Nilitaka kuweka kibao cha kuwaeleza watu. Kibao nacho ni ujenzi, hairuhusiwi. Kilichobaki ni mdomo. Nikasimama na ule mwili wa kuazima kando ya moto, na kila aliyekuja na pole namwandikia: “Mama hakukufa. Ile moto ni makosa.” Lakini maneno pale hayakai, yanafifia. Na mimi nina kazi. Siwezi kusimama pale kutwa, shule ina korido tatu na vyoo vyake.

Kasongo alikuja nikiwa napiga deki.

Bosco ndiye aliyekuwapo. Alikuwa amefika kunipa pole, maana naye aliuona moto akaamini, angekosaje kuamini? Ameniapia kwamba Kasongo hakuuliza kitu. Na asingeuliza, Mama, wewe ndiwe uliyetulea. Mbele ya moto huulizi nani. Unafika, unanyamaza, unakaa na watu, atakayekuambia atakuambia. Bosco akamwambia, “Pole, ndugu yangu.” Kasongo akasimama karibu na kiti. Siku zote alikuwa anakikalia, siku hiyo hakukikalia. Akaandika, “Njo vile,” kama mtu aliyekubali kwamba ndivyo ilivyo, akazima mashine.

Njo vile. Maneno mawili. Nayasikia nikifagia, nayasikia nikikata kitunguu.

Alijaribu kunipigia simu kwenye duka lililo chini ya chumba changu. Mwenye duka akamwambia kwa Kifaransa chake cha mbio kwamba sipo, basi. Fundi wake wa Lusaka alimsihi angoje habari kamili. Akamjibu kwamba kwa baba yake alingoja. Unaelewa alichosema, Mama. Papa alipofariki Kasongo alikuwa chuoni Lubumbashi, treni ikakwama Bukama, akafika kwetu tayari wanazoa majivu pale mbele. Unakumbuka alivyokwenda kushika yale majivu, tukamwondoa kwa nguvu. Safari hii hakutaka kukuta majivu.

Alivuka mpaka wa Kasumbalesa, akafika kwa Tante Béa. Na huko pia hakukuwa na wa kumzuia. Tante Béa alikwenda naye kanisani kwenye foni, wakaita Kamina, wakaita, Kamina kimya. Sasa tunajua betri ilikuwa imekufa. Siku hiyo ilimaanisha jambo lingine. Na treni ilikuwa imepata ruhusa ya kuondoka, baada ya majuma ya kusimama, na hakuna aliyejua nyingine ni lini. Tante Béa akamfunga kitambaa cheusi mkononi, akampa kipande cha kitenge akuwekee ndani ya jeneza. Walilia pamoja stesheni, dada yako na mwanao, wakikulilia wewe uliyekuwa labda unapepeta mahindi wakati huo huo. Foni ilipojibu na wewe ukafoka “nani alisema siko,” treni ilikuwa imekwishapita Tenke.

Haya yanayofuata ameyaleta mama mmoja wa Bukama, muuza samaki, aliyekuwa behewa moja naye. Aliporudi Lubumbashi na mzigo wake alimtafuta Tante Béa mwenyewe, Mungu ambariki. Anasema behewa zima lilijua kwamba kijana yule ni mfiwa. Walimpa nafasi ya kukaa, wakampa mihogo ya kuchemsha, akala kidogo. Aliwasimulia habari zako. Alisema ulikuwa unapiga wanafunzi kwa rula ya mbao halafu unawapa karanga. Alisema kwamba wewe ndiwe uliyemfundisha kusoma saa. Watu walicheka na kusikitika, kama inavyokuwa kwenye kilio.

Walipofika Luena treni ilisimamishwa. Wenye bunduki wakaingia, wakasema vijana wote wanaume washuke. Yule mama hajui walikuwa wa upande gani, na anasema hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuliza. Kasongo akawaonyesha kitambaa cheusi. Akawaambia, “Niko naenda kuzika mama.” Mmoja akamjibu, “Bote muko nazika bamama lelo,” kwamba leo kila kijana ana mama wa kuzika. Abiria wakapiga kelele, wanawake wakasimama, wakasema ni kweli, huyu kweli ni mfiwa, tumelia naye njia yote. Walishuhudia kwa nguvu zao zote, Mama, na walichokishuhudia kilikuwa uongo, ila hakuna hata mmoja aliyedanganya. Wakamshusha. Yule mama alimwona amekaa chini na wengine kando ya lundo la makaa ya mawe ya zamani, ameshika kile kitenge. Treni ikaondoka. Hapo ndipo habari inapoishia. Tante Béa ameuliza Luena, ameuliza Bukama, ametuma watu mpaka Kinkondja kwa wavuvi, maana wengine waliponyoka wakipita ziwani. Hakuna aliyemwona.

Basi umejua nani alisema haupo. Hakuna aliyesema. Moto ndio uliosema, na mimi sina ruhusa ya kuuzima.

Bado unawaka, Mama. Ule si moto wa kuni, hauishi wala haupungui. Kila nikimaliza korido naingia nausimamia. Nimewaandikia Wenye Ulimwengu mpaka sina Kifaransa kingine cha kuwaandikia. Odile naye amewaandikia, amelia, anataka kuja Liège kuniomba msamaha uso kwa uso. Nimemwambia asije, sina nguvu ya kumbembeleza mtu mwingine. Wao hujibu kwamba ombi langu linaangaliwa. Sitaki tena eneo. Walichukue, wapande theluji. Nataka mamlaka ya dakika moja tu, niuzime ule moto, ili kama mwanao yuko mahali popote penye mashine na waya wa simu, akiingia asiukute.

Juma lililopita niliwakuta watu wengi wamekaa. Nikaanza wimbo wangu, Mama hakufa, moto ni makosa. Hakuna aliyeinuka. Halafu Bosco, huyo huyo uliyemlisha, akaniandikia polepole: “Ngoie, tunajua Mama iko. Ile moto ilikuwa bure. Sasa imepata mwenyewe.”

Nilimtukana, Mama. Nilimtukana Kiswahili, Kiluba na Kilingala chake. Nilitaka kumtoa nje, nikabonyeza, na unajua nilichojibiwa. Wakabaki wamekaa pale, mbele ya nyumba yetu, wanamlilia mdogo wangu kwa heshima yote, na mimi siwezi kumfukuza hata mmoja. Niliondoka mimi. Sina matumaini, nakuambia wazi kwa sababu hukunilea kukudanganya. Naamka asubuhi najua, halafu navaa viatu nakwenda kazini. Kitu pekee ninachokataa ni kukaa kwenye moto ule. Nikikaa, itakuwa nimekubali.

Sasa ombi langu, ndiyo sababu hasa ya barua hii. Kuna mtu wa kanisa hapa anayerudi Lubumbashi, ataibeba, na Tante Béa ataitafutia njia. Ikikufikia, watu wataanza kuja kwako. Habari ya Luena itafika Kamina yenyewe, kama haijafika. Wanawake wa kanisa watakuja na sare zao. Mama Kalenga jirani, ambaye kila msiba kuni zake ndizo za kwanza kufika, atatokea na mzigo kichwani. Mpokee, mshukuru, mwambie azipeleke nyuma, jikoni. Mbele ya nyumba usiwashe kitu. Hata makaa ya kuchomea mahindi, hata takataka. Kama kuna baridi, oteni nyuma. Wakikuambia mila, waambie ni Ngoie aliyekataza, wanikasirikie mimi, niko mbali hawatanifikia. Kule kwangu nimeshindwa kuuzima. Huko kwako una mamlaka, Mama, wewe peke yako katika ukoo huu uliyebaki nayo.

Nisalimie mchungaji, na mtu wa foni, mwambie nimemtumia betri kupitia Tante Béa. Nisalimie mjomba Ilunga wa reli. Aulize madereva wa treni kila mara, hata kama wanamchoka. Mama Kalenga msalimie kwa mara ya pili, asinichukie. Wanafunzi wako wa darasa la kwanza wape karanga kwa niaba ya Kasongo, bila rula.

Na wewe kaa kwenye kiti chako. Mvua ikinyesha kisogeze chini ya bati, lakini usiingie ndani. Akitokea kwa njia ya stesheni, ataangalia kwanza mbele ya nyumba, kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Akukute wewe.

Ni mimi mwanao, nisiye na mamlaka katika eneo hili,

Ngoie